Msomi Aliyeyasikiza Mawe

Mtu anaweza kuipenda nchi, akaitumikia kwa jasho lake, na bado akaidhulumu kwa kalamu yake. Ndiyo habari ya James Kirkman. Naisimulia kwa ajili ya vijana wetu wa Mombasa wanaosomea historia, sanaa na mambo ya kale, maana kosa lake halikuzikwa pamoja naye.

Kirkman alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1906. Mwaka 1948 alianza kazi Gede, mji wa mawe uliomezwa na msitu kusini ya Malindi. Alifyeka, akachimba, akapima kuta na kuandika kila alichokiona. Miaka kumi baadaye kazi ikamleta kisiwani kwetu. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, ilikuwa gereza tangu 1895. Wafungwa walipoondolewa 1958, yeye ndiye aliyesimamia uchimbaji na ukarabati, kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. Hata michoro ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani, ya merikebu na makanisa, ilihifadhiwa, na mtoto wa shule wa leo anaweza kusimama mbele yake akaitazama. Tunamshukuru kwa hayo, na ni haki yake kushukuriwa.

Lakini kitabu chake cha 1954 kuhusu Gede kiliuita mji ule mji wa Waarabu. Miaka kumi baadaye, katika *Men and Monuments on the East African Coast*, alieleza kwamba magofu ya pwani hayakuwa ya Waafrika. Aliyahesabu kuwa ya Waarabu na ya Waajemi waliogeuka Waarabu, watu waliochanganya damu na wenyeji lakini wakabaki mbali nao kwa utamaduni. Hakuwa peke yake. Wasomi wengi wa zama za ukoloni waliamini hivyo. Ila yeye ndiye aliyekuwa na funguo za ngome, na neno la mwenye funguo huaminiwa upesi.

Alipotelea wapi mtu mwenye bidii kiasi hicho? Alipotelea katika vitu vilivyomvutia macho. Kaure ya Uchina na vyombo vya kung'aa vya nchi za Kiislamu vina sifa moja kubwa kwa mchimbaji: karne yake hujulikana, kwa hiyo humsaidia kupanga tarehe za kila tabaka la udongo. Basi vikawa ndivyo vinavyosimulia mji. Vigae vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa, ambavyo katika magofu ya Waswahili huwa vingi kupita vyote, havikupewa nafasi ya kusema mji ni wa nani. Hali kadhalika kuta. Jiwe la matumbawe hudumu, udongo na miti huoza. Anayeanza na jiwe ataona mji umeshuka kutoka ng'ambo ukiwa mzima.

Wachimbaji wengine wakaja nyuma yake wakachimba zaidi. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akafika chini ya majengo ya mawe. Huko alikuta nyumba za miti na udongo, na misikiti midogo ya miti iliyoanzia karne ya 8, mmoja juu ya mwingine, hadi wa mawe. Mji ulikuwa umekua mahali pake, hatua kwa hatua. Hata hapa kisiwani, Hamo Sassoon alichimba karibu na Hospitali Kuu ya Pwani akakuta mabaki ya mji uliokuwapo karne nyingi kabla ya Mreno. Chapurukha Kusimba, Mkenya, akafanya kazi Mtwapa na kwingineko, na kitabu chake cha 1999 kikasimamisha hoja kwamba miji hii ni matunda ya Afrika.

Hapo wengine wakapita kiasi upande wa pili. Kwa kuwa Kirkman alikosea, wakayafanya masimulizi ya Washirazi, wanaosema asili yao ni Uajemi, kuwa hadithi za watu waliotaka utukufu wa kuazima. Machi 2023 jarida la *Nature* likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani, Mtwapa ikiwamo. Kusimba alikuwa miongoni mwa watafiti. Wengi wa watu wa miji ile walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa kina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000.

Sasa rudini kwa wazee wa Mvita, yaani Mombasa. Masimulizi ya Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, yanamtaja Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, kabla ya Shehe Mvita na ukoo wake wa Kishirazi. Mama na mji wake wametangulia, na ng'ambo nayo haikukanwa. Wazee walikuwa wameyashika yote mawili, wakati wasomi wakigawana nusu nusu.

Kosa la Kirkman lina bei. Mwambao ulikuwa ukikodishwa na Waingereza kutoka kwa Sultani wa Zanzibar tangu 1895, na kabla ya uhuru wa 1963 watu waligombana vikali juu ya nani mwenye pwani. Katika ugomvi wa namna hiyo, kitabu kinachosema kwamba kuta za mji ni za wageni si kitabu tu. Mswahili ameambiwa mara nyingi kwamba hana kwao, naye amezaliwa juu ya makaburi ya babu zake.

Basi, vijana wangu, shikeni haya. Mkiingia Mji wa Kale kuandika habari za mlango uliochongwa, msiishie kuuliza nakshi yake imefanana na ya Bara Hindi au ya Omani. Ulizeni fundi alikuwa nani, alifunzwa na nani, na mbao zilitoka wapi. Ulizeni nani alirithi nyumba, na bibi wa nyumba aliitwaje. Mkipewa simulizi lisilolingana na vitabu, liandikeni kama lilivyo, kwa jina la aliyelisema kama ameridhia, kisha lipimeni kwa ushahidi bila kulidharau wala kuliogopa. Kuuliza si ujinga. Kirkman aliishi miongoni mwa watu waliokuwa na jibu, na bidii yake yote haikuweza kuziba pengo la swali ambalo hakulipa uzito. Nyinyi hamna udhuru, kwa kuwa wenye mji ni mama zenu na babu zenu.