MIFUPA YA KALE NA WAJIBU WA KUCHUNGUA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa akili kisha akatufanya wenye kuhesabiwa kwayo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, kijana mmoja wa darsa yetu alirudi likizo kutoka Kisii, anakosoma, akatuuliza mbele ya watu: "Sheikh, twaambiwa kando ya Ziwa, si mbali na Kisii na Nyamira, imefukuliwa mifupa ya viumbe vya miaka milioni nyingi. Je, ni kweli? Na baba yetu Adam tumweke wapi?" Tulimkemea, tukamwambia hayo ni upuuzi. Akainama, akanyamaza, na tangu siku ile hakuonekana tena darsani. Basi twakiri hapa kwamba tulikosa, kwani tulijibu tusilolichungua.

Baadaye tuliuliza wenye ilimu hiyo. Katika Rasi ya Homa, katika jimbo la Homa Bay linalopakana na Kisii, pana mahali paitwapo Nyayanga. Mwaka 2023 wachimbuzi walitangaza kupata huko zana za mawe, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na magego mawili ya kiumbe kiitwacho Paranthropus. Umri wake wakaukadiria kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Na katika Kanjera Kusini, papo katika rasi, zimo zana za miaka kama milioni 2, ambazo baadhi ya mawe yake asili yake ni miamba ya milima ya Kisii, yakachukuliwa mwendo wa kilomita 10 na zaidi.

Nani aliyezichonga zana za Nyayanga? Wachimbuzi wenyewe hawakukata shauri. Na huyo Paranthropus, wengi wao wasema si babu yetu, bali ni tawi lililokatika. Tazameni: wao waliokaa juani na majembe walisita, sisi tuliokaa juu ya mkeka tulikata hukumu!

Lakini wao nao wana mafunzo yao. Mwaka 1932 Louis Leakey alitangaza taya lililopatikana Kanam, katika rasi hiyo hiyo, akasema ni la binadamu wa kale mno. Mwaka 1935 akaja Profesa Boswell kutoka London kuhakikisha. Vigingi vya chuma vilivyotia alama mahali pale vilikuwa vimeng'olewa, na picha iliyotolewa ikaonekana kuwa ni ya mahali pengine. Dai likaanguka, na waliokuja baadaye wakasema taya lile si la kale kiasi hicho.

Je, hili ni geni kwetu? Maulamaa wetu wa Hadithi hawakupokea neno ila kwa isnadi: nani kasema, kalipokea kwa nani, na je, walikutana? Na katika Surat al-Hujurat tumeamrishwa kuchungua habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo haikumhusu mchimbuzi peke yake. Yamhusu na sheikh.

Itikadi yetu juu ya Adam tumeipokea kwa wahyi, wala haitikiswi na gego. Mfupa waweza kueleza kiumbe kilikula nini na kiliishi lini. Habari ya roho hauna. Basi kila shahidi na asikizwe katika alichokiona, wala asipewe zaidi ya hapo.

Enyi wazazi, mtoto akileta swali kutoka shuleni msimfukuze kwa ukali, maana atakwenda nalo pengine, na huenda asirudi. Asiyejua na aseme "sijui", kisha atafute. Nasi tumemwandikia kijana wetu kumtaka radhi, na nafasi yake mkekani i wazi.

Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa, na atuepushe na kiburi. Amin.