Mnawafundisha Kusema Ndiyo

Sikilizeni, enyi mnaofungua madarasa ya Kiingereza katika vijiji vya mashariki ya Unguja ili vijana wa shamba wapate kazi mahotelini. Sikilizeni mnaoyafadhili madarasa hayo, na wenye mahoteli mnaongoja wahitimu wake, na sisi wa mjini tunaowacheka wakifungua midomo. Tunamkosea mtu mmoja, kila mmoja wetu kwa mkono wake, na tumemkosea muda mrefu hata kosa lenyewe tukaliita msaada.

Ubao wa darasa la Kiingereza cha hoteli ni ule ule, uwe Jambiani, uwe Matemwe. Karibu bwana. Karibu bibi. Nikuletee kinywaji gani? Samahani sana. Mara moja. Hakuna tatizo. Kijana anazikariri sentensi hizi asubuhi na jioni, anafundishwa na tabasamu la kwenda nazo, na miezi mitatu ikipita anapewa cheti na kupigwa picha. Katika miezi hiyo hakufundishwa kusema: sijafahamu, tafadhali rudia. Hakufundishwa kusema hapana. Hakufundishwa kuuliza saa za ziada zitalipwa lini, wala kumwambia mgeni aliyemshika kiuno aondoe mkono. Mmempa maneno ya kumtumikia mtu, mkamnyima maneno ya kusimama mbele ya mtu. Kisha mnaandika katika ripoti zenu kwamba mmemwezesha.

Msidhani ninagombania heshima tupu. Mgeni anakaa mezani, anasema hali njugu, akila zitamfunga koo. Mhudumu hakumfahamu. Amefunzwa kwamba kutofahamu ni aibu na kwamba kila neno la mgeni jibu lake ni ndiyo. Anasema ndiyo, anakwenda jikoni, anarudi na mchuzi uliopikwa kwa njugu. Au yule msafisha vyumba anayekabidhiwa chupa mbili zenye maandishi ya Kiingereza mgongoni: moja dawa ya kutoa madoa, nyingine tindikali ya kung'arishia choo. Maandishi yanakataza zisichanganywe, kwa sababu zikikutana hutoa klorini, hewa ya sumu inayochoma mapafu. Yeye alifundishwa kusema chumba chako kiko tayari. Kusoma chupa hakufundishwa. Anazichanganya ndani ya choo kisicho na dirisha ili kazi iishe upesi, anatoka akikohoa machozi yakimtoka, na msimamizi anamwambia watu wa shamba hawajui kazi.

Na binti wa miaka 19 anayegonga mlango namba kumi na moja asubuhi ya pili ya kazi yake, na mgeni bado yumo ndani. Kanuni inajulikana na kila mwenye kazi hii: mlango ubaki wazi, toroli likae kizingitini, mgeni akisogea wewe ondoka. Kanuni hiyo haimfai kitu asiye na maneno ya kuisimamia. Nitarudi baadaye. Usiniguse. Nampigia simu msimamizi. Ni mepesi kuliko majina ya matunda mnayomkaririsha. Mwalimu gani kati yenu ameyaandika ubaoni katika wiki ya kwanza? Mnaona haya kuyataja. Mnaogopa wazee watasema kazi ya hoteli ni uhuni na watawatoa mabinti darasani, na kwa kuogopa maneno ya watu mnampeleka mtoto wa watu mikono mitupu. Nanyi wazazi, mkinyamaza mkadhani ukimya utamlinda, ukimya haukuwahi kumlinda mtu yeyote ndani ya chumba kilichofungwa.

Hawa mnaowafundisha ni nani? Ni watoto wa wanawake walioanza kulima mwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wakasimama baharini maji yakiwafika kiunoni, kwa bei ambayo hawakuipanga wao. Ni watoto wa wavuvi wa pweza na changu, wa watu wanaofukia makumbi pwani na kuyatoa yakiwa usumba. Mwaka 1985 wageni waliofika Zanzibar walikuwa takriban 20,000. Mwaka 2023 walipindukia 600,000, na mwaka uliofuata wakapindukia 700,000. Ufukwe waliokuwa wakipandishia ngalawa ndio uliopangwa vitanda vya kuotea jua, na mahali pengine mwenye kijiji akitaka kupita humo anaulizwa na mlinzi anakwenda wapi. Waliambiwa wasinung'unike, fidia yao ni ajira. Wakangoja ajira. Ilipofika, ilikuwa na sharti mlangoni, na sharti lenyewe ni lugha ambayo skuli yao haikuwapa.

Ndipo mnapotoka nyinyi wenye mahoteli na kauli yenu: tungewaajiri wa hapa hapa, lakini hawajui Kiingereza. Mmekaa na kijiji hicho miaka mingapi? Watoto waliokuwa wakicheza mchangani mlipokuwa mkijenga sasa wana watoto wao. Muda huo wote hamkuweza kumlipa mwalimu mmoja? Tena mnamsaili kwa Kiingereza hata yule atakayeshinda jikoni akikosha vyombo, na yule atakayefagia majani, watu ambao siku nzima hawataonana na mgeni. Na mgeni mwenyewe ni nani? Mtaliano, Mfaransa, Mjerumani, Mpolandi. Kiingereza si chake pia. Anakisema kwa makosa, na anafahamika, na hakuna anayemrudisha kwao kwa sababu ya sarufi. Makosa yale yale yakitoka kinywani mwa kijana wa Pwani Mchangani yanakuwa sababu ya kufunga faili lake.

Nendeni Kiwengwa mkasikilize. Wako vijana pale ambao hawakukaa darasa lolote la lugha za kigeni, na wanazungumza Kitaliano na wageni wa Kitaliano, wanabishana bei, wanataniana, wanaulizana habari za mpira. Wamekipata kwa masikio. Hao ndio mnaowaita mapapasi na kuwafukuza ufukweni. Msichana wa Makunduchi amekaa chuoni tangu ana miaka mitano, akisahihishwa na maalim wake mpaka kila herufi itoke mahali pake. Ameshika juzuu nzima kwa moyo katika lugha asiyoizungumza nyumbani. Sauti za Kiingereza zinazowatoa jasho Wafaransa na Wajerumani, yeye anazo tangu siku aliyojifunza kusema thelathini na dhahabu. Anayesema watu hawa hawana kichwa cha lugha hajawahi kuwasikiliza.

Sasa zamu yetu, sisi tuliosoma. Sisi ndio wabaya zaidi, na nitakaa hapa kidogo, maana wengine wote wanajificha nyuma ya kicheko chetu.

Mgeni wa Ulaya akija kujifunza Kiswahili mjini, akatoka barabarani akatuambia mimi nataka kwenda soko, tunamshangilia. Tunamwita mwenzake aje amsikie. Tunampa chai. Hakuna anayemuuliza kwa nini hakusema sokoni. Lakini kijana wetu kutoka Bwejuu akisimama mbele ya watu akasema kwa Kiingereza jana ninakwenda, baraza zima linaanguka kwa kicheko, na kesho tunamwita kwa sentensi hiyo kama ndilo jina lake. Tunamwiga sauti. Tunarekodi kwa simu na kurushiana. Wenye vyeo wakikosea Kiingereza tunawafanyia hivyo hivyo, na watoto wanatazama, wanajifunza kutoka kwetu kwamba jambo la hatari kuliko yote duniani ni kukosea lugha ya Waingereza.

Matunda ya kicheko hicho ni haya ninayoyataja tangu mwanzo. Aliyechekwa hathubutu tena kusema sijafahamu. Atatikisa kichwa. Atasema ndiyo kwa mgeni wa njugu, ndiyo kwa msimamizi mwenye chupa, ndiyo kwa anayemnyooshea karatasi atie saini. Mwalimu anamfundisha kukubali na sisi tunamtia hofu ya kukataa, na baina yetu tumemtengeneza mfanyakazi ambaye hoteli mbaya inamtamani.

Karatasi yenyewe. Mkataba umeandikwa Kiingereza, kurasa sita au saba, na anapewa asubuhi ya kuanza kazi akiwa amesimama mlangoni na begi lake. Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeelewa masharti yaliyoandikwa anaelezwa kwa namna atakayoelewa. Zanzibar tuna Sheria yetu ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na tuna Kamisheni ya Kazi. Bara hata mahakama zimeelekezwa kwenye Kiswahili kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2021. Hakimu anatakiwa atoe hukumu kwa lugha ya watu, na meneja wa hoteli ya vyumba 40 anasema hawezi kutafsiri kurasa saba? Anaweza. Hataki. Na nyinyi walimu, mnaojua Kiingereza cha kutosha kuusoma mkataba ule, mmewahi kuuleta darasani hata mara moja? Muda wa majaribio, likizo, saa za ziada, notisi ya kuachishwa, sehemu yake katika malipo ya huduma yanayoongezwa kwenye bili ya mgeni: huko ndiko kulikolala Kiingereza kitakachoamua maisha yake. Nyinyi mko kwenye rangi za upinde wa mvua.

Tena wapo wanaokuja kwa wiki mbili. Wana roho nzuri, sikatai. Wanatoka mbali, wanajitolea, wanaanza na majina na salamu, wanafika kwenye matunda, wanalia siku ya kuagwa, wanaondoka. Jumatatu anakuja mwengine, anaanza na majina na salamu. Darasa limejifunza kujitambulisha kwa watu ishirini na halijajifunza kitu cha pili. Anayewaleta anajua hivyo, kwa sababu wajao wanamlipa yeye. Pesa ile ingemweka mwalimu wa kijiji hicho hicho, mwenye diploma, anayeishi umbali wa kutembea, ambaye sasa amekaa bila kazi kwa kuwa hapendezi katika picha za kuombea ufadhili. Mnamruka yeye ili mumsaidie ndugu yake.

Nyinyi nyote mnapanga ratiba kama kwamba bahari haipo. Wakati wa bamvua maji yanakupwa mbali na wanawake wote wako kwenye mashamba ya mwani. Siku zile ndizo za kufunga na kuvuna, zikipita zimepita, na saa ya maji haisimami mahali pamoja, kila siku inasogea karibu saa nzima mbele. Nyinyi mmeandika saa tatu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Mama anakosa siku tano, anafutwa kwenye daftari, na ripoti inasema wanawake hawana mwamko. Mnaishi pwani na hamjui mwezi uko wapi. Muulizeni mvuvi yeyote, atawapangia ratiba ya mwaka mzima bila kalamu.

Basi mkifungua tena, futeni ubao. Wiki ya kwanza andikeni: sijafahamu, rudia polepole. Andikeni: hapana, hiyo si kazi yangu. Andikeni: usiniguse. Msomesheni kila mtu lebo ya chupa kabla ya kumsomesha orodha ya vinywaji. Leteni mkataba halisi, usomwe sentensi kwa sentensi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na afisa wa Kamisheni ya Kazi aalikwe akae aulizwe maswali mbele ya sheha. Salamu na tabasamu zitafuata, watu wa pwani hawakungoja hoteli kujua kumkaribisha mgeni. Darasa la wanawake lifuate maji. Kila mwezi wa Aprili na Mei, masika yakiwa yamekolea na mahoteli mengi yanafunga au kupunguza watu, hapo ndipo wafanyakazi walioachwa majumbani wapewe masomo marefu. Na mshahara wa mwalimu mtautoa nyinyi wenye mahoteli, kwa kuwa nyinyi ndio mnaovuna, na mtautoa mwezi hata mwezi, vyumba vikiwa vimejaa na vyumba vikiwa vitupu.