Nilitaka Kuiita Hija



Wiki hii naomba mnivumilie, sitaandika tafakari ya masomo ya Dominika. Nitaandika habari ya safari ambayo bado sijaenda, na jinsi ilivyonifikisha kwenye kitubio kabla hata sijafika uwanja wa ndege.

Wengi mnaonisoma mnajua nafanya kazi Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, mapokezi kwenye hoteli ndogo. Kwetu ni Morogoro. Nilikuja huku nikiwa hata kuogelea sijui vizuri. Wageni wa Paje wengi huja kucheza kaiti: unafungwa mkanda kiunoni, unasimama juu ya ubao, na kishada kikubwa chenye kamba za mita 20 na ushee kinakuvuta juu ya maji. Vijana wa shule ya kaiti ya jirani walinifundisha jioni baada ya kazi, kwa vifaa vyao vilivyochoka. Siku niliyosimama kwa mara ya kwanza nikaenda kama mita mia bila kuanguka, nilicheka peke yangu baharini kama mwendawazimu.

Ukishaupenda mchezo huu, haichukui muda utasikia jina la Ceará. Ni jimbo la kaskazini-mashariki mwa Brazil, makao yake makuu Fortaleza, na kuanzia kama Julai hadi Januari upepo wa Atlantiki huvuma pale karibu kila siku. Pwani yake imepangana vijiji vya wavuvi ambavyo sasa vinajulikana dunia nzima kwa kaiti. Kuna Cumbuco, karibu na mji. Kuna Jericoacoara, kama kilomita 300 magharibi ya Fortaleza, kijiji ambacho barabara zake bado ni mchanga mtupu na kimezungukwa na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2002. Huingii kwa gari la kawaida, unapita juu ya vilima vya mchanga kwa gari la kazi. Na jirani yake, mwendo wa kilomita kama 12, kuna Preá, palipo kimya zaidi. Mwalimu mmoja wa kaiti aliyefanya kazi hapa kwetu msimu mmoja anatokea huko Preá. Alipokuwa anaondoka akaniambia: kitanda kipo, chakula ni kile tunachokula nyumbani, kaiti zipo, wewe leta mwili tu.

Leta mwili tu! Mwili wenyewe unapita Dar, Addis Ababa, São Paulo, halafu unarudi tena kaskazini mpaka Fortaleza, na kabla ya yote hayo kuna viza. Nikaanza kuweka hela. Miaka mitatu nimeweka kidogo kidogo kwenye kibubu cha simu, mpaka nikafika milioni nne na laki sita. Nikaamua niende mwishoni mwa Septemba mwaka huu.

Mwezi wa tano mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bibi yako macho yamezidi. Wanasema ni mtoto wa jicho, anatolewa tu, siyo jambo kubwa. Lakini kuna hela inatakiwa, na nauli, na mtu wa kukaa naye. Una chochote?"

Ilikuwa kama laki tatu na nusu. Nikajibu haraka, bila hata kufikiri: "Mama, kwa sasa sina. Hali ngumu kweli." Akasema haya mwanangu, Mungu atafungua njia. Njia aliyoifungua mama ilikuwa ni kukopa kwenye kikoba chao, kwa riba. Sikujua mpaka mdogo wangu alipoponyokwa na neno wiki mbili baadaye.

Sasa nataka niwaeleze kitu ambacho mpaka leo kinanishangaza. Usiku ule dhamiri haikunisumbua hata kidogo. Nililala vizuri. Kwa sababu nilikuwa nimeshaipa ile safari jina jingine.

Iko hivi. Kama kilomita 120 ndani ya bara kutoka Fortaleza, kwenye nchi kavu wanayoiita sertão, kuna mji wa Canindé. Pale kuna kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Madonda, moja ya hija kubwa kabisa za Mtakatifu Fransisko duniani. Kila mwaka siku za kuelekea tarehe 4 Oktoba watu hujaa. Wengine wanatembea kwa miguu siku kadhaa juani, wengine wanakuja juu ya malori, wengi wamevaa kanzu ya kahawia kama ya Mfransisko kwa sababu waliweka nadhiri. Aliyepona mguu anapeleka mguu wa kuchonga wa mti, aliyepona kichwa anapeleka kichwa, na kuna chumba kizima cha vitu hivyo. Nilisoma habari hizo nikaguswa kweli, msidhani naigiza. Nikapanga: siku kumi na mbili za kaiti Preá, siku mbili Canindé. Halafu nikaanza kuwaambia watu, "Naenda hija Brazil."

Siku kumi na mbili kwa mbili. Naenda hija.

Kwenye VIWAWA wakafurahi, wakanipa nia zao nizipeleke. Mwenzetu mmoja akasema ataniombea novena. Hapo ndipo ile milioni nne na laki sita ilipoacha kuwa hela ya kawaida. Ikawa hela ya Mungu. Na hela ya Mungu haiguswi, hata kwa jicho la bibi.

Fungueni Marko sura ya saba. Mafarisayo wamekuja kuuliza mambo ya kunawa mikono, Yesu anawageuzia kibao na habari ya Korbani. Ilikuwa mtu akishatamka kwamba mali yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, baba na mama yake hawana tena cha kudai hapo. Zamani nilikuwa nasoma sehemu hiyo nikiona ni ugomvi wa Wayahudi wa kale, naipita. Mwezi wa sita niliisikia ikisomwa kwenye jumuiya ndogo ndogo, nimekaa kwenye mkeka na kikombe cha chai, nikahisi masikio yanapata moto. Yule mtu wa Korbani si mwizi. Hajachukua cha mtu. Ametafuta tu jina takatifu la kuifunikia mali yake, basi, mama akija anakuta mlango umefungwa na Mungu.

Nikaenda kuungama. Nilianza na lile swali la vijana wote: "Padre, ni dhambi mtu kama mimi kutumia milioni nne kwenda kucheza?" Padre akaniuliza kwa upole, "Nani amekuambia hivyo? Wewe umekuja kuungama kucheza, au umekuja kuungama kitu kingine?"

Kwa muda nilibaki kimya pale.

Kuhusu kucheza kwenyewe, nilipekua baadaye nikakuta Mtakatifu Thoma wa Akwino ameandika kirefu kuliko nilivyotegemea. Anasema roho nayo huchoka kama mwili unavyochoka, na dawa ya uchovu wake ni mchezo na furaha. Anasimulia habari ya zamani ya Yohane Mwinjili aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake, watu wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyeshika upinde avute mshale, avute tena, avute tena. Je, unaweza kuendelea hivyo siku nzima? Yule akajibu hapana, upinde utavunjika. Thoma anaweka masharti: mchezo usiwe wa aibu, mtu asipoteze utaratibu wa moyo wake, na ulingane na wakati, mahali na mtu mwenyewe. Lakini anaenda mbele hadi kusema kwamba asiyetaka kabisa furaha, na anayewaharibia wengine furaha yao, naye anakosea. Hilo kuna wazee wa parokia ningependa walisikie, ila tuyaache.

Kuna hoja moja hutolewa haraka sana mtu akitaja safari: "Hela hiyo si ingewasaidia maskini?" Hoja nzuri, lakini kumbukeni ni nani aliyeitoa pale Bethania, marhamu ya nardo ilipomiminwa. Ni Yuda, aliyekuwa anashika mfuko. Kwa hiyo si kila anayewataja maskini anawapenda. Ila na sisi wapenda safari tusiishie hapo tukapiga makofi, maana huyo huyo Thoma anafundisha kwamba kilichozidi mahitaji yako, mbele ya mwenye shida, kukitoa ni wajibu, na kwamba upendo una mpangilio, walio karibu nawe kwanza. Bibi aliyenibeba mgongoni hayuko mbali. Na haki ya kwenda kucheza na upepo baharini si kubwa kuliko haki yake ya kuuona mlango wa nyumba yake.

Lakini hata kabla ya hapo, kwa nini nilihitaji lile neno hija? Nimelifikiria sana. Nadhani niliona aibu. Mzungu akifika mapokezi hapa Paje, ameruka saa kumi na mbili kufuata upepo, simuulizi sababu. Namwandikia chumba, namkaribisha. Kijana wa Morogoro akisema anaruka kwenda Brazil kufuata upepo, kila mtu anataka kujua: ni semina? ni masomo? kuna mtu anakulipia? Sisi tumezoea kwamba safari ya mtu kama mimi lazima iwe na maana kubwa. Mkutano, kazi, matibabu, hija. Kucheza ni kwa wengine. Hilo si kweli, na halitoki kwenye Injili. Lakini badala ya kulipinga waziwazi, nililizunguka kwa uongo, na uongo ule ulipomaliza kazi kwa jirani ukaenda mpaka kwa mama.

Wavuvi wa Ceará wanajulikana kwa jambo moja ambalo nilikuwa silijui kabisa. Chombo chao ni jangada, kama utapa wenye tanga la pembe tatu. Fortaleza wakati huo haikuwa na bandari ya maana, kwa hiyo kila kilichopanda meli kilipelekwa kwanza kwa jangada, watumwa waliouzwa kusini wakiwemo. Mwaka 1881 wale wavuvi waligoma. Walisema hapandi tena mtumwa kwenye vyombo vyao. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Francisco José do Nascimento, waliyempa baadaye jina la Joka la Bahari. Ceará ikafuta utumwa mwaka 1884, miaka minne kabla ya Brazil nzima. Unapofanya kazi Unguja, ukijua soko la Mji Mkongwe lilikuwa la nini, habari hiyo huipiti hivi hivi. Upepo ni ule ule, tanga ni lile lile. Wao walisema hapana kwa sauti, mbele ya wenye meli. Mimi hata ndiyo yangu nilishindwa kuisema kwa mama.

Na hao hao, wajukuu zao labda, ndio nitakaowakuta Preá wakivuta vyombo mchangani huku sisi tunashusha kaiti. Hapa Paje tuna akina mama wa mwani. Msimu uliopita mgeni wetu mmoja alipita na ubao katikati ya vijiti vyao, kamba zikakatika, mama mmoja akapiga kelele, nami niliyekuwa ufukweni nikacheka na mgeni. Mwenye mwani alinitazama tu. Nimemwandikia rafiki yangu wa Preá: kabla ya kunionesha mahali upepo ulipo mzuri, nioneshe wavuvi wanapita wapi, na saa ngapi.

Padre aliniambia nirudishe kilicho cha mama kwanza, halafu niseme ukweli. Nililipa mkopo wote wa kikoba na riba yake. Kusema ukweli kulinichukua siku nne zaidi.

"Mama, ile siku nilikuwa nayo hela."

Kimya. Halafu: "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Ulijibu upesi mno. Mtu asiye nayo huanza kuhesabu kwanza." Akakaa tena kimya. "Sasa ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia yote, kaiti na Preá na ubao. Hakucheka, hakukasirika, nadhani alikuwa amechoka. Akauliza, "Na huo upepo wa hapo ulipo umeisha?" Nikamweleza kwamba Novemba kusi inakuwa imekatika na kaskazi haijaingia, Paje panatulia, lakini kule bado unavuma. Akasema haya. Bibi alikuwa pembeni, jicho moja limeshafunguliwa, la pili linasubiri, na la pili nimesema nitalilipa mimi. Nikawatumia picha. Bibi akaitazama muda mrefu, akauliza kamba ile ameishika nani upande wa juu.

Nikitoa la jicho, hela inarudi nyuma. Nitaijaza mpaka Novemba, Mungu akipenda. Sikukuu ya Canindé itakuwa imepita, watu wamesharudi makwao na kanzu zao za kahawia, na nia za VIWAWA nimewarudishia wenyewe na kuwaeleza kwa nini, jambo ambalo halikuwa rahisi. Upepo wa Ceará unaendelea mpaka Januari. Juzi nilijaza fomu ya viza. Kuna mahali wanauliza sababu ya safari, nimeandika utalii.