Huna Digrii? Basi Uwe Mkweli Zaidi



Kila nikirudi likizo hapa Kisesa naulizwa swali lile lile: "Frateri, mtu anaweza kutoboa kwenye mambo ya kompyuta bila digrii?" Wengi wanaouliza wameishia kidato cha nne. Wapo wanaojifunza ufundi simu pale stendi, wapo wanaojifunza kuandika programu usiku, bando likiwa nafuu. Jibu fupi ni ndiyo. Lakini chini ya swali hilo kuna lingine zito zaidi: cheti kinafanya kazi gani hasa?

Aristotle, mwanzoni mwa kitabu chake cha Metafizikia, anakubali kwamba kwenye utendaji, mwenye uzoefu mara nyingi humshinda mwenye nadharia tupu. Kwingine anasema mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Kwa hiyo karatasi haizai ujuzi. Ni shahidi tu: inamwambia asiyekujua kwamba kuna watu wamekupima.

Na shahidi anaweza kusema uongo. Mwaka 2017, serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wa umma, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Tuseme baadhi yao kazi waliimudu vizuri tu. Kosa liko wapi basi? Liko hapa: kughushi ni kumfanya mwenzako akuamini kwa jambo ambalo si kweli.

Sasa jiangalie wewe usiye na cheti chochote. Mteja anakukabidhi simu yake. Ndani kuna picha za familia, meseji, pengine hata namba ya siri ya M-Pesa kaiandika humo humo. Hana karatasi ya kumwambia wewe ni nani. Anakuamini hivi hivi. Usipokuwa na shahidi, inabidi wewe mwenyewe uwe shahidi wa kazi yako. Useme "hii siiwezi" kama huiwezi. Usitoe kioo orijino ukaweka feki. Usifungue picha zisizokuhusu. Aristotle huyo huyo anasema hata haki tunaipata kama ujenzi, yaani kwa kutenda haki. Basi kila simu unayoifungua inakufundisha mambo mawili kwa mpigo.

Najua utaniambia, "Frateri, ukweli peke yake haupiti usaili, ofisini wanataka karatasi." Ni kweli, na sitakudanganya. Milango mingine itabaki imefungwa, hasa ajira za serikali. Kwa hiyo usidharau cheti. VETA wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia mtaani, na hapa Mwanza chuo chao kipo Nyakato. Nenda kaulizie kama fani yako imo. Kukubali kupimwa ni sehemu ya ukweli.

Ila usikubali mtu akuambie kwamba bila digrii wewe ni nusu mtu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba heshima ya kazi inatokana kwanza na yule anayeifanya, ambaye ni mtu. Watu wa Nazareti walimwona Bwana wetu wakauliza kama huyu si yule seremala tu (Mk 6:3). Walipima ufundi wake, wakashindwa kumwona yeye. Mimi shahada ya falsafa ninayo, na hakuna mahali ilipoandikwa kama mimi ni mwaminifu. Hilo nadaiwa kila siku, sawa na wewe.

Wiki hii jaribu jambo moja: kabla hujamrudishia mteja simu yake, mwambie yote uliyoyafanya, na pia yale yaliyokushinda. Kisha ndipo utaje bei.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.