Mkono wa Mtoni Usiende Nao Baharini

Vijana wangu, mnajifunza kuvua kwa nzi wa bandia ili kesho muwaongoze wageni, nanyi kila jioni mnabishana nani anatupa mshipi mbali kuliko mwenzake. Ubishi huo hauwafai kitu. Kutupa ni jambo dogo: nzi yule wa manyoya hana uzito, uzito uko kwenye mshipi wenyewe, kwa hiyo ukiurusha nyuma ngoja unyooke ndipo uulete mbele. Asiyengoja husikia mlio wa mjeledi, na mlio huo maana yake nzi ameshakatika. Basi. Mwenye bidii atalijua hilo kabla mvua za vuli hazijaisha. Ninalowaonya ni jingine: mkono uliozoea samaki mmoja utakukosesha samaki wa pili.

Chukueni trauti, kwa kuwa wengi wenu mmeanzia kwake. Si mwenyeji wa kwetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, ili apandikizwe katika Mto Gura unaoshuka kutoka milima ya Aberdare, na hadi leo anaishi huko juu kwa sababu maji ni baridi na yana hewa. Trauti husimama akielekea maji yanakotoka, akingoja yamletee chakula. Mwendeeni kwa nyuma, yaani mpande mto, msishuke nao, na vivuli vyenu visiwatangulie. Nzi aelee kwa mwendo uleule wa povu lililo kando yake. Mshipi ukishikwa na mkondo ukamburura, hata kwa upana wa kiganja, samaki amekwisha kujua. Trauti wa upinde wa mvua ana uroho, hukaa penye maji ya kasi na pengine atakusamehe. Wa kahawia hasamehi. Hujificha chini ya kingo na mizizi, hutoka jua likizama, wakati mgeni wako ameshaanza kuulizia chai. Na huko juu sikilizeni vichaka kabla ya kuyasikiliza maji. Nyati hana habari na uvuvi wenu.

Trauti akidaka, inua ncha ya ufito. Inua tu, usikwanyue. Uzi wa mwisho ni mwembamba mno, na ule ufito unaopinda ndio unaoulinda usikatike. Akiruka, shusha ncha umlegezee. Ukifanya hivyo msimu mzima, mkono utakuwa unainuka wenyewe bila kuuamuru, nawe utajiona umekuwa fundi. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Maana kijana huyohuyo atapata kazi baharini, Watamu, au atapelekwa Kilombero, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, anakovuliwa samaki wa meno ambaye watu wa Ziwa Tanganyika humwita kibebe. Kibebe anadaka kwa kishindo, kijana anainua ufito, samaki anaruka mara moja, anatikisa kichwa na kuitema ndoano. Atakuja mtu amwambie ndoano ni butu. Ndoano haina kosa. Kinywa cha kibebe ni mfupa na meno, na ufito ukiinuliwa hupinda, ukazimeza nguvu zote kabla hazijafika kwenye ndoano. Kwa samaki wa namna hii ufito uelekezwe kwake moja kwa moja, ncha karibu na maji, kisha mkono wa kushoto uvute mshipi kwa nguvu, mara mbili, mara tatu, mpaka usikie uzito umekaa. Kuna faida nyingine: kama alimkosa nzi, nzi bado yuko majini mbele ya pua yake, na huenda akarudi. Aliyeinua ufito ameshamnyang'anya. Msisahau pia kipande cha waya mbele ya nzi, kwani uzi mtupu haudumu kwenye meno yale.

Baharini ni kuvuta kwa mkono vilevile, lakini kila samaki ana saa yake. Kolekole akimfuata nzi, usipunguze mwendo hata kidogo. Bana ufito kwapani, vuta kwa mikono miwili. Samaki mdogo anayekimbizwa hasimami kutazama nyuma. Nimeona wageni wakipigwa na butwaa kwa kile kichwa kinachokuja, mkono ukasita, na kolekole akageuka akaenda zake.

Sulisuli anataka subira. Boti huburura chambo kisicho na ndoano mpaka apande nyuma ya mashine, ubavu umewaka rangi. Baharia hukivuta chambo karibu kisha hukinyakua majini, nahodha huondoa gia, ndipo nzi hutupwa. Gia lazima itoke. Kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, hazimhesabu samaki wa nzi aliyetupiwa boti ikiwa inakwenda. Hasira ya mkizi tijara ya mvuvi, na ya sulisuli ni hivyohivyo. Lakini akimdaka nzi huku anakuja uso kwa uso, usivute. Ndoano itateleza kwenye mdomo mgumu. Ngoja ageuke aondoke, ndoano ipate pembe ya taya.

Mwatiko sitawaambia mengi. Anakula ukoga, kwa hiyo nzi wa mfano wa samaki hamhusu. Shelisheli humfungia nzi wa kijani anayefanana na kibonge cha mwani. Akishikwa hachoki. Mjaribuni mkiwa na mgeni asiye na haraka.

Mgeni aliyekulia kwenye trauti atainua ufito tu, hata umwambie mara ngapi asubuhi. Msimpigie kelele samaki akishadaka, maneno huchelewa. Mfanyisheni zoezi kabla ya kung'oa nanga: mmoja wenu ashike ncha ya mshipi aukwanyue, naye ajibu kwa mkono wa kushoto, ufito umelala. Kisha tazameni miguuni. Mshipi uliovutwa hulala sitahani kwa mizingo, na sulisuli akianza mbio huku mzingo umezunguka kidole cha mguu, hakuna wa kumwomba angoje. Ondoeni viatu, ndoo na kila chenye pembe, mwageni maji sitahani, na mmoja wenu asiwe na kazi nyingine ila kuulinda mshipi ule mpaka wote umetoka.