Kongwa Inamngoja Mwandishi Wake

Ndugu zangu wa Dodoma! Nawaandikia ninyi wazazi, walimu, wachungaji na masheikh, na zaidi sana ninyi vijana mnaosoma kwa tochi ya simu wakati nyumba nzima imelala. Ninalo neno moja, nami nalisema bila kumung'unya: tunadaiwa riwaya. Riwaya ya kijana mpelelezi, yenye hatari na njozi, yenye mapango, mizimu na nyayo zinazopotea mchangani, ya uwanda huu huu wa kati tunaoukanyaga. Na wa kulipa deni hilo ni ninyi.

Najua wapo watakaokunja uso. Watasema upelelezi si jambo la watoto wa watu wanaomcha Mungu. Haya, fungueni Kitabu cha Yoshua, sura ya pili. Watu wawili wanatumwa kuipeleleza Yeriko. Habari zinamfikia mfalme usiku uleule, askari wanagonga mlango. Mwanamke aitwaye Rahabu amekwisha kuwapandisha darini na kuwafunika kwa mabua ya kitani. Askari wanakimbilia njia ya Yordani, na wanaosakwa wamelala darini! Kisha kamba inashushwa dirishani, ukutani mwa mji, nao wanakwenda kujificha mlimani siku tatu. Ukifika sura ya sita, Maandiko yenyewe yanawaita wapelelezi hao vijana.

Nanyi ndugu zangu Waislamu mnaijua habari ya pango la Thaur. Mtume, rehema na amani zimshukie, amejificha humo na Abubakar, na Makureshi wametangaza zawadi ya ngamia mia. Nani anawaletea habari? Kijana, Abdallah mwana wa Abubakar. Mchana anakaa mjini na maadui, anasikiliza wanavyopanga. Giza likiingia anapanda mlimani kuyasimulia yote. Na nyuma yake anapita mchungaji, Amir bin Fuhaira, akiwaswaga mbuzi juu ya nyayo zake ili alfajiri pasionekane alama hata moja.

Mbuzi wanaofuta nyayo! Mtoto gani wa Ugogo asiyejua kwamba hilo linawezekana? Amechunga tangu akiwa na miaka sita. Anazijua kwato za mbuzi wake na za jirani, anajua mgeni alipita saa ngapi na alikuwa na mzigo au mikono mitupu. Elimu hiyo tunayo, na hatujaiandika.

Wala msiniambie Kiswahili hakina njia ya riwaya kama hiyo. Njia ilikwisha kufunguliwa. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, akamleta duniani Willy Gamba, mpelelezi Mtanzania. Karatasi za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, naye anatumwa Nairobi kuzirudisha kabla hazijawafikia Wareno. Angalieni mwaka. Vita vya Msumbiji dhidi ya Wareno hao vilikuwa vinapiganwa; Msumbiji ilipata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Musiba hakuandika mambo ya kale. Aliandika moto ukiwa unawaka, na akamfanya Mwafrika awe ndiye mwenye akili na shabaha, ndiye anayekuja kuokoa. Zikafuata Kikosi cha Kisasi, Njama, Hofu na nyingine, vitabu vilivyopita mkono kwa mkono mpaka majalada yakaanguka. Na mtu huyu hakuwa anakula kwa kalamu peke yake. Alikuwa mfanyabiashara, akafika kuongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania. Kijana unayesema huna muda, mtazame Musiba.

Nasema pia lililo kweli: Willy Gamba si wa kumpa mtoto wa darasa la sita. Pombe ni nyingi, wanawake wanapita kama vituo vya basi, na damu haikauki. Kosa letu ni kwamba tukaishia kumnyang'anya mtoto kitabu. Tulikichukua, tukakifungia kabatini, na mkononi mwake hatukuweka kingine. Mtoto hakukaa mikono mitupu, ndugu zangu. Alikwenda kutafuta msisimko kwingine, na mnajua wenyewe alikoupata.

Adui wa wapigania uhuru alijua thamani ya kitabu kuliko sisi. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, alifungua kifurushi jijini Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Waliotaka kumuua walijua ni mtu wa vitabu, atakifungua tu. Hayo hayakubuniwa na mwandishi yeyote. Yalitokea nchini mwetu.

Sasa njooni Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waliiingilia Kongwa kwa kishindo, wakitaka kulima karanga za kulisha Uingereza mafuta. Mwaka 1947 walishusha matrekta, na baadaye hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kufyekea pori. Mibuyu ikawagomea. Mvua ikawanyima. Kiangazi udongo mwekundu ukakauka mpaka karanga hazing'oki. Mapema mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimekwisha kuzama. Wakaacha nyumba tupu na stesheni isiyo na treni.

Katika magofu hayo ndimo walimoingia wapigania uhuru, kuanzia miaka ya 1960. FRELIMO wa Msumbiji, na Samora Machel akiwa kamanda wao. ANC wa Afrika Kusini. SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola. Vijana wa nchi tano, kila kundi na lugha zake, katikati ya Wagogo na mifugo yao, na Kiswahili ndicho kikawa daraja. Wengine hawakurudi kwao kamwe. Makaburi yao yako Kongwa hadi leo.

Kijana, weka kitabu chako hapo. Mwaka 1965. Binti wa miaka kumi na mitatu anachunga mbuzi pembezoni mwa kambi. Anaona nyayo za kiatu ambacho hakuna anayekivaa Kongwa. Zimetoka kwenye stesheni mbovu, zimezunguka kisima, zimeishia kwenye shina la mbuyu wenye uwazi. Amwambie nani? Baba yake hataki habari za askari. Wale vijana wa kambini hawajamudu Kiswahili. Kesho yake asubuhi nyayo zimefutwa, na aliyezifuta ana mbuzi. Sura ya kwanza hiyo, nawapa bure, ichukueni!

Na njozi? Pandeni Kondoa, mfike Kolo. Kwenye miamba ile kuna watu waliochorwa kwa rangi nyekundu, warefu kupita kiasi, wembamba, vichwa vya ajabu, pamoja na twiga na tembo. UNESCO waliiandikisha michoro hiyo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, na baadhi ya mahali pale wenyeji hufanyia matambiko bado. Kwa nini binti wetu asitoroke maadui kwa kuingia mwambani? Kwa nini watu wale warefu wasiwe walinzi wa siri ya kale kuliko vita vyote? Mkiogopa kwamba hayo ni mambo ya kuiga Wazungu, mkumbukeni Shaaban Robert. Mwaka 1951, mwaka uleule karanga ziliposhindwa Kongwa, yeye alitoa Kusadikika, kitabu cha nchi inayoning'inia angani, na wajumbe wake sita wakaenda pande zote za dunia, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na elimu na kulipwa kifungo. Hao nao walikuwa wachunguzi waliotumwa. Njozi ni mali yetu ya siku nyingi.

Nawasihi ninyi wazazi: mwezi huu, kabla hujanunua vocha nyingine, mnunulie mtoto riwaya moja ya Kiswahili, kisha muulize kilichomo. Nawasihi walimu: fungueni makabati. Kitabu kinachochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kinachobaki kipya kwa kufungiwa kimepotea. Nawasihi wachungaji na masheikh: wasimulieni watoto habari ya dari la Rahabu na pango la Thaur kwa pumzi ile ile ya hatari iliyomo, msizikaushe zikawa maswali ya mtihani.

Nanyi vijana wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino na Kondoa, nanyi mlioko Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mnaosema mtaandika mkimaliza chuo, acheni kungoja. Wazee waliowaona wapigania uhuru kwa macho yao wamebaki wachache, na kila msiba unaondoka na sura nzima. Taasisi ya Elimu Tanzania inatoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu tangu mwaka 2023, na riwaya imo. Mlango upo. Nunua daftari la kaunta, likizo hii panda basi la Kongwa, mwamkie mzee, mwombe akuonyeshe ilipokuwa stesheni, na uandike sura ya kwanza kabla shule hazijafunguliwa.