Msusi Ameona: Aseme au Anyamaze?

Lugha yetu ina mzaha wake. Binti mwenye nywele nzima, nyeusi, zilizojaa kichwa chote, anaulizwa na wenzake: "Wewe bado hujaweka dawa?" Utadhani anaumwa. Basi anakwenda saluni, anapakwa hiyo dawa, nywele zinalala kama zilivyoamriwa. Miaka inapita. Siku moja anagundua paji la uso limeanza kupanda kuelekea utosini, na hapo anaanza kumuuliza kila mtu: "Jamani, dawa ya nywele ni ipi?" Neno ni lile lile. Dawa ya kwanza ilitibu kisichoumwa, ya pili inatafutwa wakati ugonjwa umekwisha kuingia.

Sina nia ya kuwacheka wanaoweka dawa wala wanaosuka rasta. Nataka kuuliza swali moja tu, nanyi wenzangu wa kalamu mnisaidie kulipima. Katika safari hiyo ndefu ya kupoteza nywele yupo mtu anayeona mapema kuliko wote. Si daktari, maana kwa daktari watu hufika wamechelewa. Si mume wala mama mzazi. Ni msusi. Je, ana wajibu wa kusema?

Fikirini nafasi yake. Mteja ameketi kwenye kigoda, msusi yuko nyuma yake, saa nne au tano, vidole vinatembea kichwani mstari kwa mstari. Wengine wote wanaona mtindo; msusi anaona ngozi. Anajua ni kichwa gani kilikuwa kinashika kitana mwaka juzi na leo kitana kinateleza. Anajua ni nani anaruka kwa maumivu akiguswa karibu na sikio.

Na anachokiona si kidogo. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida, hakuna haja ya kupiga yowe. Mama aliyejifungua anaweza kupukutika nywele miezi michache baadaye, kisha zikarudi zenyewe. Lakini kuna upotevu wa namna nyingine, ule wa kuvutwa. Nywele zikikazwa mno, au zikibebeshwa rasta nzito wiki baada ya wiki, mashina ya pembezoni, juu ya paji na kando ya masikio, yanaelemewa. Kwanza kunakuja maumivu na vipele vidogo vidogo. Kisha nywele za pale zinakuwa nyembamba na fupi. Ukiachia mapema, zinaota tena. Ukiendelea miaka nenda miaka rudi, kovu linaziba mahali pa shina, na hapo hakuna mafuta yatakayofufua kitu. Ugonjwa huu basi una dirisha, nalo hufungwa polepole. Anayeketi dirishani ni msusi.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya nywele za Kiafrika tu. Sivyo. Mwaka 1907 yaliandikwa kitaalamu kuhusu wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa na desturi ya kufunga nywele kwa kuzikaza sana. Kosa ni la mvuto, si la kipilipili. Lakini na sisi huku Afrika tusijifiche. Huko Cape Town, Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha mwaka 2007 matokeo ya uchunguzi wao: miongoni mwa wanawake watu wazima waliowapima, karibu theluthi moja walikuwa na dalili za upotevu huo wa kuvutwa, na miongoni mwa wasichana wa shule, karibu mmoja katika sita. Wakaona pia kwamba hatari inazidi pale nywele zilizokwisha kuwekwa dawa zinapokazwa tena kwa msuko. Si ajabu. Baadhi ya dawa hizo zina kostiki soda, ile ile tunayotengenezea sabuni. Umedhoofisha kamba, halafu unaifungia ng'ombe.

Sasa tumsikilize msusi, maana naye ana hoja zake, na si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza: mteja amechagua mwenyewe. Wahenga walisema, ukitaka uzuri sharti udhurike. Sawa. Lakini tuisome methali hiyo taratibu. Inasema *ukitaka*. Anayedhurika ni yule yule aliyetaka, na anajua analipa nini. Mtu asiyejua kwamba maumivu yale ni onyo, na si "msuko mpya tu, utazoea", hajachagua. Amechaguliwa. Tena kuna madhara yanayolipia uzuri, na kuna madhara yanayoula huo uzuri wenyewe. Kutoboa sikio kunauma, lakini hereni inabaki. Ukingo wa nywele ukiondoka, utasuka nini?

Na mtoto wa miaka sita aliyebanwa katikati ya magoti, machozi yanamtoka, huku anaambiwa "tulia, utapendeza", yeye alitaka lini?

Hoja ya pili: mimi si daktari. Kweli, wala hakuna anayemtaka aandike cheti. Fundi wa baiskeli si polisi wa usalama barabarani, ila akiona breki imelika na akanyamaza, tutamlaumu. Kusema "hapa pamepungua" hakuhitaji shahada. Kinachohitaji utaalamu ni kujua kwa nini, na hiyo ndiyo kazi ya daktari wa ngozi. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba kichwani huenda ana mapunye, na mapunye ya kichwani huhitaji vidonge vya kumeza; mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi. Minoksidili, dawa iliyoanza kama ya shinikizo la damu, huwasaidia baadhi ya watu, lakini inadai miezi ya uvumilivu, na ukiiacha, ulichokipata kinaondoka. Finasteridi imeidhinishwa kwa upara wa wanaume, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Hata mganga bora kuliko wote hawezi kuamsha shina lililogeuka kovu. Kwa hiyo sentensi moja ya msusi, ikija mapema, yaweza kuwa na nguvu kuliko chupa kumi zinazokuja baadaye.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: mkate. Banda lina kodi. Akisema, mteja atanuna, atakwenda kwa jirani, na jirani atakaza bila maneno. Hapa wengi wetu tunaoandika habari za maadili huwa tunaruka, tunasema tu "ukweli kwanza", kisha tunapanda daladala kurudi nyumbani. Mimi siruki. Msusi huyu halei watoto wake kwa ukweli.

Lakini hebu tusikilize anachosema mteja mwenyewe: "Dada, kaza bwana, nataka nikae nazo mwezi mzima." Kwa nini kaza? Kwa sababu rasta ni ghali na mshahara ni ule ule. Msuko unaolegea baada ya wiki mbili ni hasara. Ukali wa msuko unatoka mfukoni. Pesa ikibana, na nywele zinabanwa. Kwa hiyo tukimtwika msusi peke yake mzigo huu wote tutakuwa tunamwonea. Mteja naye ana wake, na ni huu: kuufanya ukweli usiwe na gharama kwa anayeusema. Kama kila anayeambiwa "mama, hapa mbele pamepungua" ananyanyuka na kuondoka kwa hasira, basi ni sisi tuliowafundisha wasusi kunyamaza.

Hasira hiyo naijua inatoka wapi. Mwanamume akiota kipara, kijiweni watamtania kidogo, kisha wataanza kumwita mzee au bosi. Kipara chake kinasomwa kama busara, pengine hata kama pesa. Mwanamke akipoteza nywele za mbele anafunga kilemba na kukaa kimya. Kichwa ni kile kile, aibu ndiyo tofauti. Na aibu ni rafiki mkubwa wa ugonjwa, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kinachokufa ni mashina, moja baada ya jingine, chini ya kitambaa kizuri.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kwa mtu mzima, msusi aseme. Aseme mara moja, kwa sauti ya chini, kabla hajaanza, si mbele ya foleni nzima: "Shangazi, hapa kando pamechoka. Leo nisikaze, na ukifumua upumzike kidogo." Baada ya hapo, uamuzi ni wa mwenye kichwa. Akisisitiza, asuke, amekwisha kuchagua akijua. Kwa mtoto mdogo nasema zaidi: asikaze, hata mama akitaka, kwa kuwa mwenye kichwa bado hajapata sauti. Mtaniambia, "Asipokaza yeye atakaza mwingine." Huenda. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa hakuna ubaya wowote duniani utakaokosa mtendaji, kwa sababu daima yupo mwingine.

Na sisi tunaokalia kigoda tuna la kufanya lililo rahisi zaidi kuliko lake. Tunaopeana mashairi na hadithi zetu kusomana tunajua jinsi sifa za bure zinavyodumaza. Rafiki wa kweli ni yule tuliyemuuliza kwa dhati, akajibu, na kesho tukamsalimia. Basi safari ijayo, kabla msusi hajachukua kitana, muulize: "Dada, huko kichwani umeona nini?" Kisha akijibu, usimnunie, na hela yake umpe kamili.

Wewe msomaji unaonaje? Na kama wewe mwenyewe ni msusi, kalamu hii ni yako kuliko yangu. Tuandikie.